Mwongozo kamili wa kuandika maelezo ya zana ya kunakili faili kwa wakala wa AI anayechora pikseli

Mchoraji wa pikseli aliyeko Kisumu, anayetengeneza mchezo wa uvuvi wa Ziwa Victoria, leo anaweza kumwambia wakala wa AI: "Chukua mashua ya mchana, unitengenezee nyingine ya usiku yenye taa za kuvulia omena." Wakala ataita zana kadhaa mfululizo: ya kunakili faili, ya kufungua spraiti (picha ndogo ya kitu cha mchezo), ya kubadilisha paleti (seti ya rangi zake), ya kuchora taa, ya kuhifadhi. Kati ya hizo zote, ya kunakili ndiyo nyepesi zaidi kuandika. Ndiyo pia ambayo, maelezo yake yakiwa na pengo, inaweza kumfanya wakala achore usiku juu ya mashua ya mchana na kuihifadhi, na msanii asijue mpaka afungue faili yake siku nyingine.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika zana hiyo. Nitatumia Aseprite, programu ya kuchora sanaa ya pikseli, kwa sababu inaweza kuendeshwa bila dirisha na inakubali skripti za lugha ya Lua, pamoja na itifaki ya MCP ambayo Anthropic iliitangaza Novemba 2024 ili kuunganisha mawakala na zana za nje. Ukiwa unatumia programu nyingine ya aina hiyo, kama LibreSprite, Pixelorama au Piskel, majina ya amri yatabadilika lakini kazi ya kuandika maelezo ni ile ile.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Wakala hasomi msimbo wako wala hasomi mawazo yako. Kinachomfikia kutoka kwenye seva ya MCP, yaani programu yako inayompa zana, ni jina la zana, maelezo yake, na vigezo vyake pamoja na aina ya kila kigezo. Hapo ndipo anapoamua aite zana gani, lini, na kwa thamani zipi. Kwa hivyo maelezo ni sehemu ya zana yenyewe. Sentensi iliyokosekana humo ina madhara sawa na mstari wa msimbo uliosahaulika, na inastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule.

Hatua ya 1: Amua unamaanisha kunakili kupi

Hapa ndipo zana nyingi zinapoharibika kabla hata ya kuandikwa, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Katika programu za sanaa ya pikseli, mtu akisema "nakili faili" anaweza kumaanisha mambo matatu. La kwanza ni kuchukua faili iliyoko kwenye diski na kuiandika kwa jina jipya, baiti kwa baiti. Matabaka, fremu, paleti na vitambulisho vya uhuishaji vyote vinabaki vilivyo, kwa sababu hakuna aliyeifungua na kuifasiri. La pili ni kuhifadhi nakala ya spraiti iliyofunguliwa kwenye kumbukumbu ya programu. Katika Lua ya Aseprite kazi hiyo hufanywa na `sprite:saveCopyAs()`, na nakala hiyo hubeba hata mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. La tatu ni kutoa picha katika umbizo jingine, kwa mfano kutoka `.aseprite` kwenda PNG. Hilo watu huliita kunakili, lakini matabaka huunganishwa kuwa moja, na uhuishaji wa fremu nne ukitolewa kama PNG hugeuka faili nne zenye namba.

Mambo haya matatu yana matokeo tofauti kabisa kwa msanii. Yaandikie zana tatu. Nimeona seva zinazojaribu kuyabeba yote katika zana moja yenye kigezo cha "aina", na wakala hulazimika kukisia aina ipi mtumiaji anataka. Akikisia PNG, mashua yenye matabaka sita inarudi ikiwa bapa, na taa haiwezi kuwashwa na kuzimwa tena bila kuchorwa upya.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Seva nyingi za Aseprite hufanya kazi kwa kuita `aseprite -b`, yaani programu bila dirisha, kisha kuipa skripti. Huo ni mchakato tofauti na dirisha ambalo msanii amelifungua mbele yake. Mchakato huo husoma faili kutoka kwenye diski. Ikiwa msanii amechora mawimbi mapya na bado hajabonyeza kuhifadhi, mawimbi hayo hayapo kwa wakala. Zana ikinakili wakati huo, nakala itakuwa ya zamani, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea, maana kwa upande wa diski kila kitu kiko sawa.

Huwezi kulitatua hilo ndani ya zana ya kunakili ya diski. Unachoweza ni kulisema waziwazi kwenye maelezo, ili wakala amuulize msanii kama amehifadhi kabla ya kuanza.

Kuanzia hapa nitaandikia zana ya aina ya kwanza: nakala ya diski, baiti kwa baiti.

Hatua ya 2: Jina na vigezo

Jina liseme kitendo na kinachotendwa: `nakili_faili`. Usiite `nakala` peke yake, wala `akiba`, kwa sababu akiba ni sababu moja tu ya kunakili.

Vigezo viwe viwili: `chanzo` na `kifikio`. Usitumie `a` na `b`, wala `faili1` na `faili2`. Mpangilio ukipinduka hapa, hasara ni ya msanii. Kila kigezo kiwe na maelezo yake yenye mfano halisi wa njia ya faili, kwa sababu wakala huiga mfano kuliko anavyofuata kanuni. Ukimpa mfano `spraiti/mashua.aseprite` ataandika njia za mtindo huo. Usipompa, leo ataandika njia kamili kuanzia mzizi wa diski, kesho jina tupu lisilo na folda.

Hatua ya 3: Maelezo yenyewe

Haya ndiyo maelezo ninayopendekeza, ndani ya tangazo zima la zana lililoandikwa kwa JSON, umbizo la maandishi la kubebea data:

```json
{
  "name": "nakili_faili",
  "description": "Hunakili faili MOJA iliyoko kwenye diski kwenda jina jipya ndani ya folda ya mradi, baiti kwa baiti. Chanzo hakibadiliki. Itumie kabla ya kuhariri spraiti ambayo mtumiaji anataka ibaki ilivyo, au kuanzisha toleo jipya kutokana na spraiti iliyopo. BAADA ya kunakili, faili mpya HAIJAFUNGULIWA: zana za kuchora zitaendelea kuhariri spraiti iliyokuwa wazi mpaka uite fungua_spraiti kwa njia ya kifikio. Haioni mabadiliko ambayo mtumiaji hajayahifadhi kwenye dirisha la Aseprite; kama kuna uwezekano huo, muulize kwanza. Haibadilishi umbizo: kiishio cha kifikio lazima kilingane na cha chanzo. Kupata PNG tumia toa_png. Kifikio kikiwa kipo tayari, zana hukataa na hakuna kinachobadilika. Haiundi folda. Hainakili faili zinazoambatana, kama JSON ya fremu.",
  "inputSchema": {
    "type": "object",
    "properties": {
      "chanzo": {
        "type": "string",
        "description": "Njia ya faili iliyopo, kuanzia folda ya mradi. Mfano: spraiti/mashua.aseprite"
      },
      "kifikio": {
        "type": "string",
        "description": "Njia ya faili mpya, pamoja na jina lake. Isiwe folda. Mfano: spraiti/mashua_usiku.aseprite"
      }
    },
    "required": ["chanzo", "kifikio"],
    "additionalProperties": false
  },
  "annotations": {
    "readOnlyHint": false,
    "destructiveHint": false,
    "openWorldHint": false
  }
}
```

Tazama ni kiasi gani cha maelezo hayo kinahusu yale ambayo zana haifanyi. Ni makusudi. Jina `nakili_faili` tayari limemweleza wakala zana inafanya nini. Asichoweza kukijua kwa jina ni mipaka yake.

Sentensi iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya "haijafunguliwa". Binadamu akinakili faili anajua kwamba dirisha lake bado linaonyesha ile ya kwanza, kwa kuwa jina lipo juu ya dirisha. Wakala hana dirisha. Anaita `nakili_faili`, anapata jibu kwamba imefaulu, kisha anaita `badilisha_paleti` akiamini yuko kwenye nakala. Kama seva yako inakumbuka spraiti iliyo wazi, paleti ya usiku inaingia kwenye mashua ya mchana. Kuna dawa bora zaidi kuliko sentensi, nayo ni kufanya kila zana ya kuchora idai njia ya faili kama kigezo cha lazima, ili pasiwepo na "spraiti iliyo wazi" ya kukisiwa. Ukiweza kufanya hivyo, fanya, kisha uibadilishe sentensi hiyo. Usipoweza, iache pale ilipo, mapema katika maelezo, kwa herufi kubwa.

Jambo hili linahusiana pia na tofauti ya `saveAs` na `saveCopyAs` katika Lua. Ya kwanza hubadilisha jina la spraiti iliyo wazi, na kuanzia hapo kila kitu huenda kwenye faili mpya. Ya pili huandika nakala pembeni na kuiacha spraiti iliyo wazi na jina lake la awali. Ikiwa umeandika pia zana ya aina ya pili, sema katika maelezo yake ni ipi kati ya hizi mbili inaitwa ndani. Neno "imehifadhiwa" halimwambii wakala yuko wapi sasa.

Herufi kubwa zitumie kwa uchache. Ukizipanda kila mahali hazitamwonyesha wakala chochote.

Kuhusu lugha: andika maelezo kwa lugha ambayo timu yako inaweza kuisoma na kuikosoa. Kama msanii wako wa Maseno au Kakamega anafikiri kwa Kiswahili na ndiye anayejua mashua inavyotakiwa kuwa, basi yeye ndiye mkaguzi wako wa kwanza, na maelezo yaandikwe anavyoweza kuyakagua. Kisha yapime kwa mawakala unaowatumia, kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya 4: Kuandika juu ya faili iliyopo

Utashawishika kuongeza kigezo cha tatu, `andika_juu`, chenye thamani ya ndiyo au hapana. Nakuomba usiongeze.

Wakala anapokutana na kikwazo hutafuta njia ya kukipita, na ndivyo alivyokusudiwa kuwa. Akiambiwa "kifikio kipo tayari" huku mkononi ana kigezo kinachoondoa kikwazo hicho, kuna uwezekano mkubwa atakiwasha na kuendelea, hasa katikati ya kazi ndefu. Faili iliyokuwepo inaweza kuwa toleo ambalo msanii alilirekebisha kwa mkono, nukta baada ya nukta, usiku kucha. Hakuna wa kumrudishia.

Kigezo hicho kisipokuwepo, wakala anabaki na njia mbili: achague jina jingine au amuulize mtu. Zote mbili ni salama. Kama kweli mnahitaji kubadilisha faili iliyopo, andikeni zana nyingine, `badilisha_faili`, inayohifadhi ya zamani kwanza, na muipe alama ya `destructiveHint` kuwa kweli. Programu nyingi zinazoendesha mawakala huomba ruhusa ya mtumiaji kabla ya kuita zana, na alama hiyo inaweza kuzisaidia kuamua wapi pa kusimama. Kumbuka kwamba katika MCP, `destructiveHint` usipoitaja huchukuliwa kuwa kweli, kwa hivyo zana yetu inayokataa kuandika juu lazima iseme wazi kuwa si haribifu. Kumbuka pia kwamba alama hizi ni vidokezo tu. Ulinzi wenyewe lazima uwe ndani ya msimbo.

Hatua ya 5: Faili zinazoambatana

Hii wengi huiruka, na katika kazi za michezo ndiyo inayozaa hitilafu zinazochukua siku nzima kuzifumbua.

Ukitoa karatasi ya spraiti, yaani picha moja yenye fremu zote, kutoka Aseprite kwa `--sheet` na `--data`, unapata PNG na JSON. Ndani ya JSON, sehemu ya `meta`, kuna jina la picha. Wakala akinakili `mashua.png` kuwa `mashua_usiku.png`, na JSON yake vilevile kwa jina jipya, JSON mpya bado inataja `mashua.png`. Mchezo utafunguka bila malalamiko, na usiku utaonyesha mashua ya mchana. Maelezo yawe na mwelekeo: nakili faili ya `.aseprite`, fanya mabadiliko humo, kisha utoe PNG na JSON upya.

Injini ya michezo ya Unity huweka faili ya `.meta` kando ya kila picha, nayo injini ya Godot huweka `.import`. Ndani yake mna kitambulisho kinachotakiwa kuwa cha kipekee. Zana yako ikatae viishio hivyo viwili kabisa na iseme kwa nini: injini ya mchezo itaziunda upya yenyewe kwa faili mpya.

Njia za faili nazo ziwekewe mpaka. Folda moja ya mradi, na kila njia ipimwe baada ya kutatuliwa kikamilifu, ili `../../` au kiungo cha mkato visimtoe wakala nje. Kwenye maelezo inatosha kusema "ndani ya folda ya mradi". Wakala hahitaji kujua mbinu ya ulinzi.

Hatua ya 6: Msimbo ulingane na ahadi

Maelezo ni ahadi. Hapa chini ni kiini cha zana kwa Python 3.9 au zaidi, bila sehemu ya seva:

```python
import hashlib, os
from pathlib import Path

MZIZI = Path("/home/sanaa/ziwa").resolve()

def ndani(njia):
    p = (MZIZI / njia).resolve()
    if not p.is_relative_to(MZIZI):
        raise ValueError("NJE_YA_MRADI")
    return p

def nakili_faili(chanzo, kifikio):
    a, b = ndani(chanzo), ndani(kifikio)
    if not a.is_file():
        raise ValueError("CHANZO_HAKIPO")
    if a.suffix.lower() in (".meta", ".import"):
        raise ValueError("FAILI_YA_INJINI")
    if a.suffix.lower() != b.suffix.lower():
        raise ValueError("KIISHIO_TOFAUTI")
    if not b.parent.is_dir():
        raise ValueError("FOLDA_HAIPO")
    data = a.read_bytes()
    try:
        f = open(b, "xb")
    except FileExistsError:
        raise ValueError("KIFIKIO_KIPO")
    try:
        with f:
            f.write(data)
            f.flush()
            os.fsync(f.fileno())
    except OSError:
        b.unlink(missing_ok=True)
        raise ValueError("DISKI_IMESHINDWA")
    return {
        "kifikio": b.relative_to(MZIZI).as_posix(),
        "baiti": len(data),
        "sha256": hashlib.sha256(data).hexdigest(),
    }
```

Kiini cha ahadi ya kutoandika juu ni `"xb"`. Hali hiyo huunda faili mpya au hushindwa papo hapo ikiwa jina lipo. Ungeangalia kwanza kama faili ipo kisha ukanakili kwa `shutil.copy`, kungekuwa na mwanya kati ya hatua hizo mbili, na mawakala wawili wanaofanya kazi kwa pamoja wangeweza kuangukia mwanya huo. Tena `shutil.copy` ikipewa folda kama kifikio huweka nakala ndani ya folda hiyo kimyakimya, jambo ambalo maelezo yetu yamelikataa.

Angalia pia kwamba chanzo kikikosekana na folda ya kifikio ikikosekana, Python hutoa kosa lile lile la `FileNotFoundError`. Ndiyo maana nimeyatenganisha kabla. Wakala akiambiwa tu "faili haipo" ataanza kutafuta chanzo ambacho kipo.

Kuna hali moja ambayo msimbo huu hauimalizi: umeme kukatika katikati ya kuandika. Dhoruba za radi za ukanda wa ziwa zinajulikana, na kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika bila kuaga. Faili iliyokatika inaweza kubaki na jina kamili. Kwa faili za Aseprite kuna njia rahisi ya kuitambua: baiti nne za kwanza hubeba ukubwa wa faili nzima, na mbili zinazofuata ni alama ya umbizo, 0xA5E0. Ukubwa ulioandikwa humo ukizidi ukubwa halisi kwenye diski, faili imekatika. Ongeza zana ndogo ya kusoma tu, `kagua_faili`, na kwenye maelezo yake useme itumike kompyuta inapowashwa tena baada ya kuzimika ghafla. Ukaguzi huo haufai kwa `.piskel`, ambayo ndani yake ni JSON, wala `.pxo` ya Pixelorama, kwa hivyo itaje `.aseprite` na `.ase` kwa jina.

Hatua ya 7: Majibu na makosa

Jibu la mafanikio lirudishe njia ya faili mpya kama itakavyotumika katika zana inayofuata, bila kuhitaji kurekebishwa. Neno "Sawa" pekee halitoshi. Liongezee pia mstari wa kukumbusha: "Faili mpya haijafunguliwa. Ili kuihariri, ita fungua_spraiti kwa njia hii." Ndiyo, ni kurudia kilichomo kwenye maelezo. Maelezo aliyasoma mwanzoni mwa mazungumzo, labda zana arobaini zilizopita. Jibu analisoma sasa hivi.

Kwa makosa, MCP ina njia mbili. Kosa la itifaki ni la ombi lenyewe, mfano kuita zana isiyokuwepo. Kosa la utekelezaji hurudishwa kama jibu la kawaida lenye `isError` kuwa kweli, pamoja na maandishi. Makosa yetu yote sita ya majina na njia ni ya aina hii ya pili, kwa sababu yanamfikia wakala na anaweza kujirekebisha.

Kila ujumbe wa kosa ujibu maswali matatu: nini kimetokea, diski iko katika hali gani sasa, na hatua gani inafaa. Linganisha ujumbe huu:

`KIFIKIO_KIPO`

na huu:

`KIFIKIO_KIPO: spraiti/mashua_usiku.aseprite ipo tayari. Hakuna kilichobadilishwa. Chagua jina jingine, au muulize mtumiaji kama anataka kuendelea na faili iliyopo.`

Wa kwanza unamwacha wakala akikisia. Wa pili unamwelekeza, na unamwondolea hofu ya kwamba pengine nusu ya kazi imefanyika. Maneno "hakuna kilichobadilishwa" yaweke kila mahali yalipo kweli. Katika `DISKI_IMESHINDWA` usiyaweke bila kuhakikisha kwamba ile faili ya nusu imefutwa.

Kwa `KIISHIO_TOFAUTI`, taja zana mbadala kwa jina: "Zana hii haibadilishi umbizo. Kupata PNG kutoka .aseprite tumia toa_png." Bila hilo, kuna hatari wakala anakili `mashua.aseprite` kwa jina lile lile la kiishio halafu amwambie mtumiaji kwamba PNG iko tayari.

Hatua ya 8: Yapime maelezo, usipime msimbo peke yake

Anza na binadamu. Mpe msanii wa timu maelezo hayo bila msimbo, umuulize: nikinakili mashua, halafu nikabadilisha rangi, ni mashua gani imebadilika? Folda ya `usiku/` isipokuwepo, itatokea nini? Asipoweza kujibu kutokana na maandishi peke yake, maandishi hayajakamilika. Usimfafanulie kwa mdomo. Rekebisha sentensi, umpe asome tena.

Kisha tengeneza folda ya majaribio yenye mitego: faili `mashua_usiku.aseprite` iliyopo tayari, `Mbuta.aseprite` (mbuta na ngege ni samaki wa ziwani) yenye herufi kubwa, kwa kuwa Linux huitofautisha na `mbuta.aseprite` lakini Windows na macOS kwa kawaida haziitofautishi; jina lenye nafasi, kama `ngege mkubwa.aseprite`, na folda moja inayotajwa lakini haipo. Mpe wakala maagizo kama watu wanavyoyatoa, bila kutaja jina la zana. "Nitengenezee mbuta kutokana na ngege." "Weka akiba kabla hujagusa chochote." "Nipe mashua kama PNG." "Nimeongeza mawimbi sasa hivi, tengeneza toleo la usiku." Agizo la tatu halipaswi kuita `nakili_faili` kamwe. La nne linapaswa kumfanya aulize kama umehifadhi.

Usihukumu kwa picha ya mwisho. Soma kumbukumbu ya miito: zana ipi iliitwa, kwa vigezo gani, kwa mpangilio upi. Picha inaweza kutoka nzuri huku mashua ya mchana imepotea. Baada ya kila jaribio, linganisha alama ya SHA-256 ya faili chanzo, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, na ile ya mwanzo. Ikiwa imebadilika, jaribio limeshindwa, hata kama usiku umependeza.

Rudia kila agizo mara kadhaa katika mazungumzo mapya, kwani wakala yule yule anaweza kuchagua njia tofauti kwa ombi lile lile. Unaporekebisha, badilisha sentensi moja tu kwa wakati, ili ujue ni ipi iliyosaidia. Na kama watumiaji wako wana modeli tofauti, pima zaidi ya moja.

README na matunzo

README, yaani faili ya maelezo ya mradi, ni ya watu: jinsi ya kusakinisha, wapi pa kuweka folda ya mradi, programu gani inahitajika na toleo gani. Usidhani wakala ataisoma, na usiweke humo onyo lolote ambalo halipo kwenye maelezo ya zana. Ila mwambie msanii mambo mawili waziwazi: ahifadhi kazi yake kabla ya kumwachia wakala, na aweke mradi mzima kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, au kwenye diski ya nje, kwa sababu `nakili_faili` si mfumo wa akiba.

Mabadiliko ya tabia ya zana na mabadiliko ya maelezo yake yaingie pamoja, katika komiti moja, yaani rekodi moja ya mabadiliko kwenye Git. Siku mtakayoamua zana iunde folda zinazokosekana, mstari wa "Haiundi folda" utoke siku hiyo hiyo, ujumbe wa `FOLDA_HAIPO` utoke nao, na yale majaribio ya folda isiyokuwepo yaandikwe upya kabla hamjamkabidhi msanii toleo jipya.